Gari la Mgiriki Halikabidhiwi Leo

Risala ya Umoja wa Mafundi wa Kilimani, Goba, ikisomwa na Katibu wa Umoja, Atuganile Mwaisumo, fundi wa kushona viti vya magari

Mgeni rasmi, Ndugu Ansbert Kamugisha, Mwenyekiti wa Hifadhi ya Magari ya Kale. Mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa. Sheikh na Mchungaji mliotufungulia kwa dua na sala. Bi Mauwa binti Abdulrahman, mama mwenye uwanja huu. Wakazi mliopata viti na nyie mliosimama juu ya kifusi: wakubwa zetu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Goba. Tunajua kilima chetu kimelitikisa gari lako, na tunakupa pole. Tunakushukuru kwa maturubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, spika na maji ya chupa. Sisi hatukuviagiza. Vililetwa jana na vijana wako, pamoja na bango hilo lililofungwa nyuma yako lenye neno MAKABIDHIANO.

Tulipoliona bango hilo tuliacha kazi, tukakaa juu ya matairi, tukaulizana: nani anamkabidhi nani, na anamkabidhi nini? Mwenyekiti wa Mtaa alisema yeye aliambiwa ni uzinduzi. Mchungaji aliambiwa ni ibada ya shukrani. Bi Mauwa, ambaye gari limo uani kwake, hakuambiwa kitu. Aliamka akakuta watu wanachimba mashimo ya nguzo mlangoni kwake, akadhani amefiwa na habari bado hazijamfikia.

Kulikuwa na risala nyingine. Ndugu Rogers, ofisa wako aliyekaa upande wako wa kushoto, alituletea ikiwa imeshachapwa tayari. Imeandikwa vizuri, hatukatai. Ila ina neno "tumeridhia" mara nyingi kuliko tulivyowahi kuridhia jambo lolote tangu umoja huu uanzishwe. Tumemrudishia. Hii ninayoisoma tumeiandika wenyewe kwenye gereji yetu, hapo nyuma ya ukuta wa Bi Mauwa, na makosa yake ni yetu.

GARI LENYEWE NA LILIKOTOKA

Mgeni rasmi, kwa faida ya wale ambao hawajalisogelea kwa sababu ya kamba mliyolizungushia, gari hili ni la mashindano, la kiti kimoja. Magurudumu yake yote manne yako nje ya bodi, kama miguu ya panzi. Injini imekaa nyuma ya mgongo wa dereva. Halina mlango, halina paa, halina honi. Dereva huingia kwa kujishindilia, kama mguu kwenye kiatu kipya.

Lililetwa nchini na Mgiriki mmoja, Bwana Stelios, aliyekuwa na shamba la mkonge upande wa Korogwe. Alikuwa akishindana na wenzake kwenye viwanja vya ndege vilivyoachwa. Fundi wake alikuwa kijana wa Kinondoni, Abdulrahman, baba yake Bi Mauwa. Mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki alifungasha familia yake, akamwachia Abdulrahman gari, akaondoka. Abdulrahman akalileta Kinondoni juu ya lori la mkonge, akaliweka uani chini ya mabati.

Tangu siku ile jina lake likabadilika. Mtaani alikuwa "Mwizi wa Mgiriki." Watu walikuja kumhoji, wengine wakiwa na sare. Jibu lake lilikuwa moja: "Ni amana." Wakimuuliza mwenyewe atarudi lini, alisema, "Atakaporudi." Hakuliuza, hata miaka ile ya foleni za unga, wakati majirani walipokuwa wakibandua mabati ya vyoo vyao na kuyauza. Bi Mauwa alipochumbiwa, wazee wa upande wa mume walikuja, wakanywa kahawa, mmoja akachungulia uani. Hawakurudi. Walimtuma mtu aseme, "Hatuoi kwa mwizi."

Hilo Bi Mauwa ameturuhusu tulisome mbele yenu. Alituambia, "Lisomeni. Limekaa na mie vya kutosha."

Familia ilipohamia Goba, gari lilihama nayo. Mzee Abdulrahman alifia hapa, akazikwa hapa. Baada yake kuku wakahamia kwenye kiti cha dereva.

KAZI TULIYOIFANYA

Fundi wetu mkuu, Theonest, aliitwa na Bi Mauwa kutengeneza pampu ya maji. Akiwa uani akaona kuku ametaga kando ya usukani. Akauliza, "Mama, kuku wako wanaendesha nini?"

Bi Mauwa hakucheka. Alimkalisha, akamsimulia yote tuliyoyasoma hapo juu, kisha akasema: "Baba alisema gari hili linatembea. Watu wakasema ni chuma cha wizi, hakiwezi kutembea tena. Fundi, na mie nilimshuku. Baba yangu mzazi. Nilimpikia, nikamfulia, nikamuuguza, na moyoni nilikuwa namshuku mpaka anakata roho. Liwashe, angalau nijue kwamba jambo moja alilosema lilikuwa kweli."

Ndivyo tulivyoanza. Hapakuwa na mfadhili, mgeni rasmi, wala hifadhi.

Injini ilikuwa imeganda. Theonest alimimina dizeli kwenye silinda, akawa kila asubuhi anajaribu kuizungusha kwa spana ndefu, akishindwa anaiacha, anaenda kwenye kazi za wateja. Siku iliposogea, alipiga kelele gereji nzima ikadhani amebanwa mkono. Pistoni tulizitoa zimeshikana na kutu. Ringi mpya tulizipata kwenye injini ya gari dogo lililogongwa, tukazisugua mpaka zikakubali. Mfaume, mchomeleaji wetu, aliziba rejeta na kuunga mabomba ya fremu. Bati la bodi lilinyooshwa kwa nyundo ya mbao, pole pole, maana ni bati laini na ukilipiga kwa hasira linakukumbuka. Waya zote zilifumuliwa na Brightson, fundi umeme. Mimi ninayesoma nilishona kiti. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na kuku, lakini uzi wake ulibaki, nikafuata njia ya sindano ya yule aliyenitangulia.

Lilipowaka mara ya kwanza tulikuwa hatujalifunga bomba la kuzuia kelele. Wakazi walitoka nje wakitazama nguzo za umeme, wakidhani transfoma imelipuka. Bi Mauwa alikuwa jikoni. Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele ya lile gari likitetemeka na kutoa moshi. Theonest alipolizima, akasema, "Liwashe tena."

Jumapili moja baada ya ibada tulilishusha barabarani. Mfaume ndiye aliyeliendesha kwa kuwa ni mwembamba, wengine wote tulikwama mabegani. Alivaa kofia ya bodaboda. Alilipeleka mpaka shule ya msingi akarudi, akipanda kilima hiki hiki kinachowashinda wengi, na vumbi lilipotua alikuwa analia na kucheka. Akasema, "Jamani, hili si chuma. Hili linajua linakokwenda."

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, furaha ile haikukaa. Ulianza uvumi kwamba ndani ya mabomba ya fremu kuna zebaki nyekundu, ile ambayo matapeli husema inauzwa ghali kuliko dhahabu, na kwamba ndiyo maana Mzee Abdulrahman hakuliuza. Tulikuja asubuhi tukakuta bomba moja limekatwa kwa msumeno. Ndani palikuwa na kutu tu. Mfaume aliliunga tena, na anayetaka kuona kovu lake aje, lipo chini ya kiti.

Baada ya hapo akaja Ndugu Rogers. Alikuja kwa upole, na kamera, na zawadi ya matunda kwa Bi Mauwa. Alisema Hifadhi inatafuta kutusaidia kupata vipuri. Alipiga picha kila kona, akapima urefu, akapima upana, akapima hata unene wa mabomba. Theonest alimuuliza, "Braza, vipuri gani hivyo vinahitaji upime gari zima?" Akajibu, "Ni utaratibu tu, fundi."

Sisi ni mafundi. Mtu akija gereji akapima kila kitu na hanunui kitu, tunajua anataka kutengeneza kingine.

Siku aliyokuja mara ya mwisho, kibati cha namba kilitoweka. Ni kipande kidogo cha shaba kilichopigiliwa mbele ya usukani, chenye namba ya gari na jina la kiwanda. Pembeni kina tundu la ziada ambalo Mzee Abdulrahman alilitoboa mwenyewe baada ya ribiti moja iliyokishikilia kukatika. Tulipompigia Ndugu Rogers alisema hakukiona. Tukaanza kutazamana. Aliyekuwa akiacha sanduku lake la vifaa wazi alilifunga kwa kufuli. Mfaume, ambaye zamani aliuza vyuma chakavu, alitugeuzia mifuko yake bila kuombwa, akasema, "Mnipekue sasa hivi, msije mkanipekua kwa macho kila siku." Hakuna aliyempekua. Lakini hakuna aliyecheka pia, na kwa muda mrefu tulikunywa chai kila mtu na upande wake.

Kisha Brightson akapata kibarua cha kuvuta waya kwenye ghala moja Temeke. Hakujua ni la nani. Ndani alikuta gari limefunikwa turubai. Upepo wa feni aliyokuwa anaifunga ukainua ncha, akaona gurudumu lililo nje ya bodi. Akashuka kwenye ngazi, akafunua. Lilikuwa gari la kiti kimoja, mabomba mapya, rangi bado inanuka, kila kipimo sawa na letu. Mbele ya usukani kilikuwepo kibati cha shaba, na pembeni yake tundu moja la ziada.

Alimuuliza mlinzi, "Mzee, gari la nani hili?"

Mlinzi akasema, "La bosi wa Hifadhi. Linasubiri wateja wa ng'ambo."

Brightson hakugusa kitu. Alimaliza kazi, akarudi Goba, akatuambia. Kitu cha kwanza tulichofanya ni kwenda wote kwa Mfaume kumwomba radhi. Alikuwa anachomelea geti. Akazima mashine, akatusikiliza, akasema, "Haya. Leo nani ananunua chai?"

Mgeni rasmi, hatusemi kwamba ulijua. Sisi tunauliza. Kibati kimoja hakiwezi kuwa kwenye magari mawili, na magari mawili hayawezi kuwa na namba moja. Mteja wa ng'ambo akisikia kwamba Goba kuna jingine, la kweli, linalonguruma, hatanunua lile la Temeke. Kwa hiyo moja kati ya haya mawili lazima lipotee. Tumekaa tumelifikiria jambo hili, na kila tukilifikiria tunaona kwamba lililopangiwa kupotea ni letu. Ndipo bango la MAKABIDHIANO likaja.

ALIYOYASEMA BI ELENI

Ndugu Rogers alikuwa amemwambia Bi Mauwa kwamba familia ya Mgiriki imeipa Hifadhi ridhaa ya kulichukua gari. Maneno hayo yalimvunja nguvu. Alisema, "Kama wenyewe wamelitaka, amana inarudi. Sina la kusema."

Sisi tulikuwa nalo la kusema. Brightson alitafuta jina la ukoo wa Bwana Stelios mitandaoni, akakosea watu kadhaa, mpaka akampata Bi Eleni, binti yake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu huko Ugiriki. Alizaliwa Korogwe. Tulimpigia simu ya video, sote tumezunguka benchi la gereji, Bi Mauwa katikati. Brightson alianza na Kiingereza chake. Yule mama akamkatiza kwa Kiswahili cha mashambani, kimezeeka lakini kizima.

"Mwanangu, sema Kiswahili. Abdulrahman yupo?"

Bi Mauwa akasema, "Amefariki. Mie ni binti yake."

Bi Eleni alimpa pole. Kisha akauliza, "Na gari?"

"Lipo."

"Lipo?" Aliuliza mara ya pili kama hakusikia. Akaweka mkono mdomoni. "Baba alisema hivyo. Alisema Abdulrahman akiwa hai, gari litakuwepo."

Bi Mauwa alimuuliza kuhusu ridhaa ya Hifadhi. Akajibu, "Hifadhi gani? Hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Na hata angeniuliza, ningempa ridhaa gani? Gari si letu. Siku tunaondoka nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la vyombo, nikamsikia baba anamwambia Abdulrahman, 'Nitunzie. Nisiporudi, ni lako.' Baba alikufa miaka mingi iliyopita, hakurudi. Kwani hamkupata habari?"

Hatukuwa tumepata. Mzee Abdulrahman hakuwa amepata. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye amana amekufa, kwa hiyo aliendelea kuitunza, akaitwa mwizi kwa ajili ya gari ambalo lilikwisha kuwa lake, na yeye hajui.

Bi Mauwa akasema, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo baba hakuwa anasema uongo."

Bi Eleni akauliza, "Nani alisema Abdulrahman anasema uongo?"

Sisi tuliokuwepo tulitazama sakafu. Theonest akatoka nje, akaliwasha gari, na Brightson akainyanyua simu juu ili yule mama asikie. Alisikiliza mpaka mwisho.

Mgeni rasmi, Bi Eleni yuko hewani sasa hivi. Simu iko juu ya meza hiyo, mbele ya maua yako. Amekuwa akisikiliza tangu tulipoanza, na yuko tayari kuyarudia maneno yake kwa yeyote anayetaka kuyasikia, akiwemo Ndugu Rogers.

MAOMBI

Mgeni rasmi, risala bila maombi hainogi, na ya kwetu ni haya.

Tunaomba kibati chetu kirudi. Tunajua namba yake, tunajua tundu lake, na tunajua ghala lilipo. Tungependa kirudi kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu hilo litakuwa jibu zuri kuliko hotuba. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa amekubali kufuatana nawe mpaka Temeke baada ya hafla hii, na Brightson atawaelekeza njia. Kama ndani ya ghala hamna gari, tutakuomba radhi mbele ya umati huu huu, na Mfaume ametupa maneno ya kutumia.

Tunaomba bango hilo lishushwe sasa, kabla hujasimama kuongea. Hatukatai Hifadhi. Gari la aina hii linastahili kuonwa na watoto wa shule, na Bi Mauwa amesema yeyote atakayekuja kuliona mchana, kwa adabu, atafunguliwa geti. Anayetaka kuliazima atazungumza na yeye, atajibiwa na yeye, na likitoka litatoka na fundi wetu na kurudi na fundi wetu.

Tunaomba pia yule aliyekwambia kwamba watu wa Goba hawatauliza maswali, umtafute umuulize alitupima kwa kifaa gani.

Na mtaro wa chini ya kilima, mgeni rasmi, ikiwezekana. Huo hauhusiani na gari, lakini mvua zikija unahusiana na kila mtu.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kuja. Ungeweza kutuma watu tu, na kwa kweli uliwatuma, lakini leo umekuja mwenyewe, umekaa, umesikiliza bila kuinuka. Hilo tunalihesabu kwa upande wako. Bado hatujajua tuliweke wapi, tutajua ukishaongea.

Kabla hatujakupisha, tunaona hapo nje ya geti limeegeshwa lori lenye winchi, limekuja nyuma ya msafara wako. Dereva wake ni mtu mwema. Tulimuuliza amekuja kubeba nini, akasema aliambiwa atajulishwa. Tumempa chapati na maharage, kwa kuwa hana kosa. Mgeni rasmi, tunakuomba umjulishe sasa, mbele yetu, kwamba hakuna mzigo. Tumelisafisha eneo la kugeuzia, na vijana wamesimama kumwongoza ili asigonge ukuta wa Bi Mauwa. Tunamwombea safari njema, afike salama, na afike mtupu.

Mungu akupe afya, mgeni rasmi, na moyo mwepesi wa kurudisha. Amlaze Mzee Abdulrahman mahali pema, yeye aliyengoja habari isiyofika. Amzidishie umri Bi Mauwa na amjalie Bi Eleni aione Korogwe tena. Na mtaa huu aulinde, usiku na mchana, geti likiwa limefungwa na hata likiwa wazi.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Kilimani,
Goba, Dar es Salaam